Mama Mkwe Alishukia Ihumwa

Katika miaka niliyofanya kazi ya ukalimani Dodoma, zama za Mdachi, niligundua kwamba Ugogo haukuwa mmoja. Ulikuwepo Ugogo wa waliotoka pwani na Ugogo wa waliotoka bara, na ingawa vyote viwili vilikuwa mahali pamoja, hakuna aliyepata kuviona vyote.

Wazungu waliokuja kwa gari la moshi kutoka pwani walipita kwanza kwenye milima ya Uluguru, wakaona mito, migomba na ukungu wa asubuhi. Baada ya hapo walishushwa kwetu, kwenye vumbi na miiba, wakawa wanatazama huku na huku kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta masufuria yanaoshwa. "Jangwa," walisema, nami nikatafsiri. Lakini waliotoka bara kwa miguu walikuwa wamevuka Mgunda Mkali, ile nyika ya magharibi ambayo mtu hutembea kutwa nzima bila kuona tone la maji. Hao wakifika kwetu na kupewa kibuyu cha maziwa na maji ya kisima yenye rangi ya chai, walikunywa mpaka tone la mwisho. "Nchi ya neema," walisema, nami nikatafsiri. Kisima kilikuwa kile kile, na vumbi lile lile. Wakati mwingine niliwatafsiria wote katika wiki moja, wala sikumwambia hata mmoja wao kwamba amekosea. Mkalimani halipwi kwa kukosoa.

Hata mimi sikupona. Ujanani nilipelekwa Udachi kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, yaani kukaa mbele ya maofisa watarajiwa na kutamka "ng'ombe" mpaka nao waweze. Muda uliobaki niliruhusiwa kukaa nyuma katika madarasa ya wenyewe. Nikarudi nyumbani na cheti, koti zito ambalo Ugogo halikuwa na kazi, na maoni juu ya kila jambo. Nilifika kule wakati wa theluji nikatetemeka karibu muda wote wa kukaa kwangu. Niliondoka miti ikiwa imejaa maua. Mpaka leo nikiulizwa Ulaya ikoje, mdomo wangu unasema maua kabla sijauzuia.

Kutokana na hayo nikatunga kanuni: kinachokuja mwisho ndicho kinachobaki. Na msomi akishatunga kanuni, hatulii mpaka apate mtu wa kuijaribia. Mimi nilimpata mama mkwe.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu pwani mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, hilo halina mjadala, kwa hiyo mama mkwe alileta salamu kupitia kwa wafanyabiashara kwamba anakuja kumchukua binti yake. Akiwa hapo, atapatazama mahali "mwanangu alikotupwa." Akiridhika, mama na mtoto watarudishwa baada ya arobaini. Asiporidhika, watabaki pwani, na mkalimani awe anakwenda kuwasalimia Mdachi akimpa ruhusa. Tangu niajiriwe nilikuwa sijaona mtu aliyepewa ruhusa.

Dalili hazikuwa nzuri. Kuna mtu alikuwa amemsimulia kuhusu jina la mji, kwamba Wagogo wanasema tembo alikuja kunywa maji hapa akadidimia, na ndiyo maana ya Dodoma. Mama mkwe alikuwa ametuma swali: "Mahali palipozamisha tembo mzima, mwanangu mwenye vifundo vile vya miguu atasalimika?"

"Wewe unasemaje?" nilimwuliza mke wangu.

"Mimi nitafuata atakalosema mama."

"Lakini wewe mwenyewe unapapenda hapa?"

"Napapenda. Na napenda zaidi kukuona ukihangaika."

Nikakaa chini kupanga ziara. Mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo nilikuwa na siku tatu. Siku ya kwanza ningemwonyesha mabaya yote: soko lenye upepo, mto usio na maji, mainzi. Siku ya pili mambo ya katikati, pamoja na boma la serikali, lakini jioni tu. Asubuhi bomani watu walikuwa wanalazwa chini na kupigwa viboko hamsa ishirini. Jioni palikuwa na bendera inashushwa na tarumbeta. Siku ya tatu ningempeleka kwenye kaya ya Kigogo nje ya mji, akapewe maziwa ya mgando na asali, kisha turudi tukute pilau ya jirani yetu Mrangi, aliyetoka Kondoa na mkono wake wa kupika haukuwa na mfano. Angepanda gari la moshi mdomoni bado kuna iliki.

"Umempangia mama yangu aanze na mainzi?" mke wangu aliuliza.

"Ili amalize na asali."

"Kwetu mgeni huanza na asali."

"Hiyo ni mila. Hii ni elimu."

Alinitazama kwa namna ambayo wanawake wajawazito huwatazama watu waliosoma.

Palikuwa na tatizo jingine. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunaheshimiana kwa mtindo wa kizamani, maana yake hatukutazamana usoni, hatukula pamoja, na hatukuzungumza ila kwa kupitia mtu wa tatu. Mtu wa tatu alikuwa mke wangu. Mimi, niliyekuwa nawakalimania maofisa, nilihitaji mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili katika nyumba yangu mwenyewe, na mkalimani huyo alikuwa na tabia ya kupunguza na kuongeza.

Siku ilipofika tulikwenda stesheni. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Udachi, ambavyo vilinifinya tangu siku niliyovinunua. Gari likaja kwa kuchelewa, likapuliza moshi, likasimama. Likashushwa godoro la mama mkwe, likashushwa kapu la nazi, na mwisho akashushwa jogoo mwekundu ndani ya tenga, amekasirika. Mama mkwe hakushuka.

"Mama yuko wapi?" mke wangu alimwuliza jogoo, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwuliza.

Abiria mmoja, mzee mwenye kofia ya kitambaa, akatusogelea huku akijizuia kucheka. "Nyinyi ndio wenye jogoo? Basi mama yenu ameshuka Ihumwa."

"Gari halisimami Ihumwa!" nikasema.

"Leo limesimama. Ng'ombe walilala relini. Dereva kapiga honi mpaka kachoka, ng'ombe wanamtazama tu. Mama akafungua dirisha, pale chini amesimama mwanamke wa Kigogo. Akamwuliza, 'Hapa Dodoma?' Yule akamjibu, 'Mbukwa.' Akauliza tena, 'Nasema, ni Dodoma hapa?' Akajibiwa, 'Mbukwa, mbukwa!' kwa furaha kabisa. Mama akafunga kanga, akashuka."

Asiyekujua Ugogo nimweleze: mbukwa ni salamu. Ukisalimiwa mbukwa unajibu mbukwa, na ukiwa mtu wa adabu unairudia hata ukiulizwa njia, kwa maana salamu haijakamilika mpaka mwenzako naye aitikie. Yule mwanamke alikuwa anangoja aitikiwe. Mama mkwe alikuwa anahesabu amekubaliwa.

"Hamkumzuia?" mke wangu aliuliza.

"Tulimzuia, binti yangu. Tulimwambia behewa zima, mama, Dodoma bado. Akatujibu, 'Nyinyi mmemwuliza nani? Mimi nimemwuliza mwenyeji.'"

Mke wangu alirudi nyumbani na jogoo. Mimi nikafuata reli kwa miguu kuelekea Ihumwa. Mwendo si mdogo, jua lilikuwa kali, na kabla sijafika mbali nilikuwa nimevua vile viatu nimeviweka begani, kanuni yangu nimeiweka kichwani, na vyote viwili vilikuwa vizito. Nilimwona mama mkwe katika mawazo yangu, ameketi juu ya jiwe kati ya miiba, analia, na kila chozi linamrudisha mke wangu pwani.

Nilimkuta uwanjani mbele ya tembe, ile nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa. Ulikuwa msimu wa mavuno. Wanawake walikuwa wanapura uwele na kupepeta, na katikati yao alikuwa mama mkwe, kanga kiunoni, makapi kichwani, ungo mikononi. Alikuwa anawafundisha kupepeta kwa mtindo wa mpunga wa pwani, ile kurusha na kuzungusha kiwiko, nao walikuwa wanamcheka mpaka wanajishika mbavu, kwa sababu uwele ni punje ndogo na nusu yake ilikuwa inakwenda kwa kuku. Kando yake palikuwa na kibuyu cha maziwa kilichokwisha kunywewa na kijungu cha asali kilichokuwa njiani kuisha. Siku yangu ya tatu yote ilikuwa imeliwa.

Nikainamisha macho. "Shikamoo, mama."

Salamu inaruhusiwa. "Marahaba," alijibu, amemtazama kuku. Kisha, kwa kuwa binti yake hakuwepo, akamgeukia mwenyeji wake, yule mwanamke wa dirishani, mtu wa makamo mwenye shanga nyingi shingoni, akamwambia kwa Kiswahili: "Mwambie mkwe wangu amechelewa. Dodoma nimeshaiona, nzuri."

Mwenyeji hakujua Kiswahili hata neno. Akanitazama. Kazi ni kazi, nikamtafsiria kwa Kigogo maneno ambayo mama mkwe alitaka yeye aniambie mimi.

Mwenyeji akayasikiliza yote kwa makini. "Sasa," akasema kwa Kigogo, "hayo si umeshayasikia?"

"Nimeyasikia. Lakini yeye ni mkwe wangu, inabidi uniambie wewe."

"Aa!" Akaelewa papo hapo, maana hata kwa Wagogo mkwe hachezewi. Akaniambia tena maneno yote kwa Kigogo, kwa sauti kubwa, na kuongeza, "Na wewe geuka, unamkodolea macho mama wa watu!" Nikageuzwa nikatazama ukuta wa tembe, nikapewa maziwa yangu pale pale, kama ng'ombe aliyefungwa peke yake.

"Mwambie mama," nikauambia ukuta kwa Kigogo, "hapa si Dodoma. Hapa ni Ihumwa."

Mwenyeji akamgeukia mama mkwe akasema kwa Kigogo: "Hapa si Dodoma, hapa ni Ihumwa." Mama mkwe hakuelewa. Nikalazimika kutafsiri kwa Kiswahili maneno yangu mwenyewe, nimeupa kisogo uwanja mzima, kana kwamba ni ya mwenyeji.

"Mwambie mkwe wangu," alijibu mama mkwe, "nimeuliza mara mbili."

"Anasema ameuliza mara mbili," nikamtafsiria mwenyeji.

"Kweli," alisema mwenyeji, "kanisalimia mara mbili. Mtu wa adabu sana huyu. Wewe umemwoa binti yake?"

"Ndiyo."

"Una bahati. Umesoma, eti?"

"Kidogo."

"Inaonekana," alisema, akiitazama ile jozi ya viatu begani kwangu.

Jua lilipoanza kupoa tuliazimwa punda. Mama mkwe alipanda na kibuyu kingine mapajani, nami nilitembea pembeni, kwa sababu kutangulia kungekuwa kumpa mgongo na kufuata nyuma kungekuwa kumtazama. Pembeni ndiko iliko miiba. Njia nzima alikuwa anazungumza na punda. Alimwambia punda kwamba alitegemea kuletwa mahali pabaya, kumbe watu wa Dodoma ni waungwana. Kwao mgeni anasubiri siku ya tatu ndipo apewe jembe; hawa wamempa ungo kabla hajakaa, kama mtu aliyerudi nyumbani. "Na tena," alimwambia punda, "hakuna aliyenionyesha kitu."

Kesho yake nilimwonyesha vitu. Nini kingine ningefanya? Asali ilikuwa imetangulia. Ningeanzaje kutunga mpango mpya usiku mmoja? Nikafuata ule wa zamani. Tukatoka watatu, mke wangu katikati.

"Mwambie mama hili ni soko."

"Mama, hili soko."

"Mwambie mumeo naona vumbi. Soko liko ndani yake?"

Tukafika mtoni. "Mwambie mama huu ni mto."

Mama mkwe aliutazama mchanga kwa muda mrefu. "Mwambie mumeo tutangoja, huenda ukapita."

"Mama anasema ni mzuri," mke wangu akaniambia.

"Nimesikia alichosema!"

"Kama unasikia, mimi nachoka kwa nini?"

Jioni mama mkwe aliuliza kupitia kwa binti yake, kwa upole kabisa, lini tutarudi Dodoma. Mke wangu akamweleza kwamba Dodoma ndiyo hii. Hapana, alisema mama mkwe, hapa ni mahali gari linapolala. Kila gari lina mahali pa kulala, hakuna ubaya. Lakini Dodoma yeye ameshaiona. Hatukuweza kumtoa hapo. Kila nilichomwonyesha alikipima kwa kile cha kwanza, na kila kitu kilipungua: maziwa ya mjini yalikuwa maji, asali ilikuwa sukari, na hata wanawake wa Kigogo waliokuja sokoni alisema hawacheki sawasawa.

Siku ya pili nilikuwa nimepanga boma, jioni, bendera na tarumbeta. Asubuhi na mapema nikaenda kazini kama kawaida. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza la boma nikitafsiri hukumu ya mchunga ng'ombe mmoja aliyeshindwa kulipa kodi, naye ameshalazwa chini, nilipoona kanga ninayoifahamu upande wa pili wa uwanja. Mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta kuni akapotea njia. Alikaa pale mpaka kiboko kikamaliza hesabu yake. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho tukatazamana usoni.

Niliporudi nyumbani alikuwa anakuna nazi. Hakusimamisha mkono. "Mwambie mumeo," alimwambia binti yake, "nimeona anapofanyia kazi."

Mke wangu alinigeukia anipe ujumbe, akaniona, akaenda kumpokea mama yake ile nazi. Jioni hatukwenda kuangalia bendera.

Siku ya tatu jirani yetu Mrangi alipika pilau, na harufu yake ilifika stesheni. Nilivaa viatu. Nilijua nimeshindwa, nilitaka tu mwisho uwe na iliki, kwa heshima ya elimu. Mama mkwe alikula sahani nzima upande wake wa pazia, akanawa, akasifu wali, akasema yule jirani angefaa sana kuishi Dodoma. Kisha akaita: "Mwanangu, mwambie mumeo leo ni siku ya tatu. Jembe langu liko wapi?"

"Mwambie mama," nikasema nyuma ya pazia, "si msimu wa jembe."

"Mwambie najua. Ungo wangu nimeuacha kule. Na mwambie hivi: pwani hatuendi."

Mkono wangu ulisimama na tonge hewani.

"Mtoto wa kwanza," aliendelea mama mkwe, "huzaliwa kwa mama. Sawa? Basi mama anahamia Dodoma. Yule shoga yangu ana vyumba kwenye ile nyumba yake ndefu, hawezi kuvimaliza. Tutakaa kule mimi na wewe mpaka ujifungue, na arobaini yako tutaimalizia kule. Baba wa mtoto atakuja kwa miguu, njia anaijua."

"Mama anasema…" alianza mke wangu.

"Mwulize kwa nini si hapa," nikasema. "Nyumba ipo. Mume yupo."

Pazia likajibu. "Mwambie mumeo mtoto akizaliwa, kitu cha kwanza kuingia sikioni mwake ni adhana. Cha kwanza, kabla ya kelele yoyote ya dunia. Hapa asubuhi kuna sauti nyingine, ya bomani, inayowahi kuamka. Yeye aliyesoma anadhani mtu hubaki na cha mwisho. Wewe umenieleza, na mimi nimecheka. Mwulize, neno lake la kwanza la Kidachi anakumbuka lilikuwa nini?"

Nilikumbuka. Lilikuwa neno aliloniambia mpagazi bandarini, nilipomkanyaga, na sikulitafsiri.

Kwa hiyo nikabaki na mke wangu, kwa umbali wa asubuhi nzima kwa miguu. Kila siku ya mapumziko nilifuata reli mpaka Ihumwa, nikikohoa kabla sijafika uwanjani ili mama mkwe apate nafasi ya kugeuka. Nilinunua ndala, nikampa jirani Mrangi vile viatu, akawa anavivaa harusini kwa maumivu makubwa. Mwenyeji wetu alijifunza Kiswahili upesi, kwa kuwa alichoka kutafsiriwa maneno yasiyomhusu, na mama mkwe alijifunza Kigogo, isipokuwa mbukwa, ambalo hadi mwisho wa maisha yake alilitumia kwa maana ya ndiyo.

Mtoto alizaliwa wakati uwele mpya umeshaota. Alikuwa msichana. Waliniletea amefungwa kanga, nikainama kwenye sikio lake la kulia nikasoma adhana kwa sauti ndogo. Nje palikuwa na kuku na wanawake. Nilipomaliza nilitaka kumwambia jambo moja zaidi, kitu cha busara, maana nilikuwa nimekitayarisha njia nzima.

"Mwambie mumeo," sauti ikasema kutoka nyuma ya mlango, "inatosha hapo hapo."

Mwaka uliofuata dada yake mama mkwe naye alitaka kuja kutuona. Kufikia wakati huo tulikuwa tumerudi wote katika nyumba ya mjini, na nikamsikia mama mkwe akimpa mfanyabiashara mmoja maelekezo ya safari ya kumpelekea dada yake, polepole ili yasipotee njiani. Achukue gari la moshi, alisema. Asibebe nazi nyingi. Asisikilize watu wa behewani. Na akiona ng'ombe wamelala relini, ashuke.